Mali Bila Daftari: Vazi la Mama Katika Picha

Kutoka Kasenyi, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George, hadi Kasese mjini na Bwera mpakani, nyumba ya askari mara nyingi huwa na picha moja iliyopewa nafasi ya heshima ukutani. Baba amesimama wima katika sare yake, kofia imekaa sawa na vifungo vinang'aa. Kando yake ameketi mama, naye amevaa gomesi: mabega yamechongoka, mkanda mpana umefungwa chini ya kiuno, na pindo limefunika viatu. Mgeni akikaribishwa kiti, macho yake huenda kwanza kwenye picha hiyo, naye hutambua papo hapo kwamba siku ile ilikuwa siku kubwa.

Hata hivyo, kuna tofauti moja baina ya mavazi hayo mawili ambayo picha haiionyeshi. Sare ni mali ya serikali. Imeandikwa katika daftari la ghala, na askari amalizapo utumishi wake hutakiwa kuirudisha. Je, ile gomesi ni mali ya nani? Ni ya mama aliyeivaa, au ni ya mume aliyeinunua, au ni ya ukoo ulioipeleka siku ya posa? Maadamu wote wako hai, hakuna aulizaye. Swali hilo huja siku ya matanga, na mara nyingi huja kwa sauti kubwa.

Gomesi, ambayo Waganda huiita pia busuuti, si vazi la kale sana. Kabla yake wanawake wa Buganda walivaa lubugo, yaani nguo iliyotwangwa kutoka kwenye gome la mti wa mutuba, wakaifunga chini ya makwapa. Baadaye ilipokuja shuka ya pamba, waliifunga kwa namna iyo hiyo. Mwaka 1905 wamisionari walifungua shule ya wasichana huko Gayaza, na masimulizi yanayotajwa zaidi humpa fundi mmoja Mgoa, aliyeitwa Gomes, sifa ya kuishona shuka hiyo ikapata shingo ya mraba na mikono mifupi, ili msichana aweze kuinama na kufanya kazi bila ya nguo kufunguka. Jina la fundi likabaki katika vazi.

Vazi hilo lina utaratibu wake. Hufungwa kwa vifungo viwili upande wa kushoto wa shingo, na kiunoni huzungushiwa mkanda mpana wa kitambaa. Ndani mama hutanguliza kikoyi, ili kitambaa cha juu, hasa kikiwa cha hariri, kisigande mwilini bali kianguke kwa heshima. Gomesi moja yaweza kumeza hata mita sita za kitambaa. Kwa hiyo mtu anayeitazama picha kwa makini huweza kusoma mengi: kama kitambaa ni cha pamba au cha hariri, kama mkanda umenunuliwa pamoja na nguo au umetafutwa baadaye, na kama fundi alikuwa hodari wa kusimamisha mabega.

Katika Wilaya ya Kasese gomesi haiko peke yake. Mwaka 1956 reli ilifika Kasese kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na wafanyakazi wakaja kutoka pande nyingi, kila mmoja na desturi ya kwao. Kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa njia ya Mpondwe, huingia vitenge vya Kongo. Basi sanduku moja la mama wa kota za askari laweza kuwa na gomesi ya sherehe, doti mbili tatu za vitenge, na kanga iliyoletwa kutoka pwani. Sanduku hilo ni akiba yake. Nguo za namna hiyo huuzika, huazimika, na hurithiwa. Nazo hununuliwa kwa fedha ambayo kwa mshahara wa askari si ndogo.

Swali la kwamba vazi la kwenye picha ni la nani halikuanzia Uganda. Katika mji wa Florence, huko Italia, zaidi ya miaka 500 iliyopita, lilikuwa limekwisha kupewa jibu na desturi. Picha moja ya mwanamke wa mji huo, ambayo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Thyssen-Bornemisza mjini Madrid, Hispania, yaweza kumsaidia msomaji kulielewa jibu hilo.

Picha hiyo ilichorwa na Domenico Ghirlandaio, na mwaka 1488 umeandikwa ndani yake. Mwanamke ameonyeshwa kwa upande, shingo ndefu, mgongo umenyooka, mikono imekutanishwa mbele. Vazi lake la juu limefumwa kwa nyuzi za rangi ya dhahabu, nalo liko wazi ubavuni, hata nguo ya ndani inaonekana. Mikono ya nguo hiyo ni ya hariri yenye maua, nayo haikushonwa moja kwa moja bali imefungwa kwa kamba. Katika nafasi zilizoachwa, shimizi nyeupe imevutwa nje kidogo ili watu waone kwamba ni safi na ni laini. Desturi hiyo ya mikono ya kufunga na kufungua iliwawezesha wanawake kubadili sura ya vazi moja bila ya kununua jingine. Kifuani amening'iniza kito chenye lulu. Nyuma yake, katika shubaka, kimewekwa kito kingine pamoja na kitabu cha sala na tasbihi ya marijani.

Mwanamke huyo ni Giovanna, binti wa ukoo wa Albizzi. Mwaka 1486 aliolewa na Lorenzo wa ukoo wa Tornabuoni. Mwaka 1487 alizaa mtoto wa kiume. Mwaka 1488 alifariki akiwa na mimba ya pili, hajatimiza umri wa miaka 21. Picha aliyochorewa iliwekwa katika chumba cha mume wake, nayo ilibaki humo hata baada ya Lorenzo kuoa mke mwingine. Lorenzo mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1497 kwa kosa la kushiriki njama za kuirudisha familia ya Medici madarakani. Ilipoandikwa orodha ya vitu vya nyumba, picha ya Giovanna ilikutwa katika vyumba vyake.

Sasa na aliangalie msomaji bega la vazi lile. Katika mfumo wa kitambaa imetiwa herufi L, ambayo ni herufi ya kwanza ya jina la mume, na pamoja nayo imefumwa almasi, iliyokuwa alama ya ukoo wa Tornabuoni. Jina la mwanamke halimo katika kitambaa hicho. Giovanna amevaa jina la Lorenzo kama vile askari avaavyo nembo ya kikosi chake.

Jambo hilo lilikuwa na maana yake katika mali. Katika Florence mahari ilitoka kwa baba wa msichana kwenda kwa mume, na mume naye ndiye aliyemvisha bibi arusi nguo na vito. Lakini mavazi hayo ya fahari hayakuwa zawadi kamili. Yalihesabiwa kuwa ni mali ya mume. Aliweza kuyauza, kuyaweka rehani, au kuyafumua ili kitambaa kitumike tena. Mume akifa, warithi wake waliweza kumtaka mjane ayaache. Mfanyabiashara mmoja wa hariri, Marco Parenti, alimwoa Caterina Strozzi katika miaka ya 1440, akaandika katika daftari lake la nyumbani kila kitu alichomtengenezea: nguo, mikono ya nguo, manyoya ya tausi ya kilemba, lulu na nyuzi. Daftari hilo lipo hadi leo. Lilikuwa daftari la mume, na hesabu ilikuwa ya mume.

Kwa sababu hiyo, waume waliowapenda wake zao walifanya jambo moja la busara: waliandika katika wosia kwamba mke wangu apewe nguo zake. Maneno hayo yanashangaza kwa mtu anayeyasikia mara ya kwanza, kwa maana yawezekanaje mtu kupewa nguo zake mwenyewe? Lakini mjane wa Florence aliyafahamu vizuri. Pasipo maneno hayo, nguo aliyoivaa katika picha ingeweza kuvuliwa na shemeji.

Serikali ya mji ule nayo haikukaa kando. Ilikuwa na sheria za kuzuia anasa katika mavazi, na watumishi maalumu wa kuzisimamia. Mwaka 1343 na miaka iliyofuata, wanawake waliokuwa tayari na nguo zilizokatazwa walitakiwa kuziandikisha. Karani aliandika jina la mwanamke, jina la mume au baba yake, na maelezo ya nguo: rangi yake, maua yake, na urembo wake. Kisha nguo ikatiwa lakiri ya risasi kuwa ni ushahidi kwamba yaweza kuvaliwa bila ya kosa.

Polisi wa leo wanaojua taabu ya kusimamia sheria isiyopendwa watacheka wakisikia hadithi aliyoiandika Franco Sacchetti, mwandishi wa Florence wa karne ya 14. Hakimu mmoja aliwatuma watu wake wakawakamate wanawake waliovunja sheria ya mavazi, nao wakarudi mikono mitupu. Mwanamke mmoja aliulizwa juu ya safu ya vifungo vilivyokatazwa, akajibu kwamba hivyo si vifungo, kwa kuwa havina kishikizo wala tundu la kupitia. Mwingine aliulizwa juu ya manyoya ya mnyama aliyekatazwa, akajibu kwamba huyo ni mnyama mwingine kabisa. Hakimu na wakubwa wake wakaona afadhali waliache jambo hilo. Hadithi ni ya kuchekesha, lakini hali yake si ngeni Afrika Mashariki. Operesheni Vijana nchini Tanzania, iliyotangazwa mwaka 1968, na amri ya serikali ya Idi Amin ya mwaka 1972 dhidi ya nguo fupi, zote zilipima vazi la mwanamke kwa macho ya mwingine. Vazi lilijadiliwa kwa marefu na mapana. Mwenye vazi hakuulizwa.

Kuna picha nyingine iliyo karibu zaidi na wasomaji wa Kiswahili. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultani, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka Zanzibar kwa siri, na mwaka uliofuata, huko Aden, alibatizwa na kuolewa na Mjerumani, Heinrich Ruete. Wakaenda kuishi Hamburg. Katika mji huo wa baridi, ambako kila siku alilazimika kuvaa nguo nzito za Kizungu, alipigwa picha katika studio akiwa amevaa mavazi ya kwao: kanzu juu ya suruali, ushungi kichwani, na vito vyake.

Anayeitazama picha hiyo bila maelezo hudhani kwamba anamwona binti wa kifalme akiwa katika jumba la baba yake. Kumbe jumba liko mbali, na njia ya kurudi imefungwa. Mwaka 1870 mume wake alikufa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya ugeni. Mwaka 1885, na tena mwaka 1888, Salme alirudi Zanzibar kudai urithi wake kwa ndugu zake waliotawala, na mara zote mbili aliondoka bila ya kuupata. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Alifariki mwaka 1924 huko Jena. Vazi la picha ile linatangaza utajiri ambao mvaaji hakuwa nao tena. Yanayoturudishia ukweli ni maandishi yake, kwa sababu alieleza mwenyewe alikuwa nani, alitoka wapi, na alipoteza nini.

Hapo ndipo Giovanna na Salme wanapotofautiana. Wote wawili walivikwa vizuri, na wote wawili tunawajua kwa sura. Lakini habari za Giovanna tunazipata katika daftari za wanaume wa nyumba ile. Habari za Salme tunazipata kwa kalamu yake. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Yafaa kuongeza kwamba hata daftari likiwapo, ni lazima kujua liliandikwa na nani, na kwa faida ya nani.

Turudi katika nyumba ya askari. Baba akifa kazini, au akifa kwa maradhi, ndugu hukusanyika. Wapo wanaokuja kufariji, na wapo wanaokuja kuhesabu. Katika baadhi ya koo bado kuna fikira kwamba kila kilichonunuliwa kwa mshahara wa marehemu ni cha ukoo: kitanda, redio, baiskeli, na hata nguo zilizo sandukuni kwa mjane. Uganda ilirekebisha Sheria ya Mirathi mwaka 2022. Kwa sheria hiyo, makao ya ndoa yanalindwa kwa ajili ya mjane na watoto, na ni kosa kumfukuza mjane humo. Marehemu asipoacha wosia, mali iliyobaki hugawanywa kwa mafungu, na mke au mume aliyebaki ana fungu la asilimia 20, watoto asilimia 75. Mjane si mgeni anayesubiri huruma; ana haki iliyoandikwa.

Lakini sheria haijui ni gomesi ipi iliyonunuliwa na mama kwa fedha ya samaki aliouza Kasenyi, na ipi iliyoletwa na baba aliporudi likizo. Jambo hilo wanalijua watu wawili tu, na mmoja wao akifa hubaki neno la mtu mmoja. Kwa hiyo hapana budi liandikwe wakingali wote wawili. Daftari la shule latosha. Katika ukurasa mmoja na iandikwe nguo, mwaka ilipopatikana, aliyeinunua, na aliyepewa iwe yake. Baba na mama watie sahihi au alama ya kidole, na mtu mzima mwingine ashuhudie. Kazi hiyo haichukui zaidi ya jioni moja, nayo si kumtakia mtu kifo. Askari huandikisha jina la ndugu wa karibu siku aingiapo kikosini, na hakuna anayesema kwamba huo ni uchuro.

Wosia ni bora zaidi. Nchini Uganda wosia wa kawaida huandikwa, hutiwa sahihi na mwenyewe, na hushuhudiwa na watu wawili. Nao mashahidi hao wasiwe wenye kurithi. Sheria humruhusu askari aliye vitani kutoa wosia hata kwa maneno mbele ya mashahidi wawili, lakini wosia wa namna hiyo hudumu kwa muda mfupi tu baada ya hali hiyo kupita. Heri karatasi iliyoandikwa nyumbani kwa utulivu.

Picha nayo ina haki zake. Iliyochapishwa kwenye karatasi na iandikwe nyuma kwa penseli laini, si kwa kalamu ya wino inayopenya upande wa mbele. Jina la mama litangulie. Si mke wa fulani tu, bali jina lake kamili. Kisha mwaka, mahali, na neno moja juu ya vazi: limetoka kwa nani, au limeshonwa kwa sherehe gani. Zilizo ndani ya simu na zichapishwe walau moja moja kila mwaka. Nakala ipelekwe kwa jamaa anayeishi mbali, kwa kuwa watu wa Kasese wanajua jinsi Mto Nyamwamba ulivyofurika Mei 2013, na tena Mei 2020, ukachukua nyumba pamoja na vilivyokuwamo. Na watu wa Bwera na Mpondwe wanajua ilivyokuwa kukimbia mapigano ya Novemba 1996, mtu amebeba mtoto na kuacha sanduku.

Gomesi yenyewe huhifadhiwa vizuri ikikunjwa ndani ya kanga kuukuu ya pamba, wala si ndani ya mfuko wa plastiki unaoshika unyevu. Sanduku lisikae juu ya sakafu, bali liinuliwe kwa matofali au mbao. Kila baada ya mvua nyingi nguo itolewe, ipigwe hewa kivulini, kisha ikunjwe kwa mikunjo mipya ili uzi usikatike mahali pamoja.

Na siku ya kwenda studio, mama achague mwenyewe vazi lake. Akipenda gomesi ya hariri, ni vema. Akipenda kitenge chake cha kila siku, ni vema vilevile. Asilazimishwe kukopa ili apendeze kwa saa moja na kulipa kwa miezi sita, wala asivishwe ya jirani, kwani nguo ya kuazima haistiri. Picha itakaa ukutani miaka mingi, na wajukuu watauliza. Jibu liwe limekwisha kuandikwa nyuma yake: huyu ni fulani binti fulani, na vazi hili lilikuwa lake.